Fomu Inauliza Vyumba Vingapi

Fomu inauliza: vyumba vingapi?
Mstari waliouacha wa kujibia ni mrefu,
mtu angeweza kuandika kijiji.
Nikaandika: kimoja.
Kijana wa dirishani akanirudishia kalamu.
"Mama, umesahau kumalizia."

Miaka ishirini na tisa nimekaa stesheni ya Tabora
ndani ya kibanda cha tiketi, hatua tatu kwa mbili,
nikiuza Kaliua, nikiuza Mpanda, nikiuza Kigoma
kupitia tundu la ukubwa wa kisahani.
Humo nilimnyonyesha Nsimba. Humo nilifiwa:
barua ilipenyezwa pamoja na noti za mia mbili,
na mimi nikahesabu noti kwanza.
Sasa niambieni mtu anahitaji mita ngapi.

Kiwanja nilikinunua kwa kiinua mgongo, huko Ipuli,
bikoni nne, moja jirani ananolea panga.
Sikutaka kasri.
Nilitaka ukuta ninaoufikia nikiwa kitandani,
dirisha la kumjua anayepita,
na kibaraza cha bati pa kukaangia karanga.

Mchoraji wa ramani alidai laki na nusu.
Akaongeza gari mbele ya nyumba, bila kuombwa.
Gari lilikuwa kubwa kuliko nyumba.

Afisa mipango miji, Mihayo Lusangija,
alikuja na pikipiki ya manispaa, futi kamba shingoni.
Hapa, mama, ni msongamano wa kati.
Nyumba iwe na sebule. Iwe na choo cha ndani,
mita tatu toka mpakani, mita tano toka barabarani
(barabara yenyewe bado ni mtama wa Kapembe).
Akapima. Nyumba ikaisha kabla futi kamba haijachangamka.
Akarudia kupima, kama mtu aliyepewa chenji pungufu.
"Ingekuwa kubwa kidogo," akasema.
"Kubwa kwa nani?"
Akafungua kabrasha, akatafuta, akalifunga.

Wiki ya tatu wakaja wengine, na kopo la rangi.
X nyekundu.
Ukuta ulivyo mfupi,
mguu mmoja wa X ukaangukia mlangoni.
Nyumba njema si mlango, wanasema;
waliosema hawakuiona hii, mlango ni robo yake.

Nikaenda. Nikarudi. Namba ya malipo, risiti, kaa pale,
mwenye muhuri yuko semina Dodoma.
Kwenye benchi lile nilisoma fomu hadi nikaihifadhi.
Imeandika MAHALI, ikaacha mstari.
Lakini kuna pangu, palipo na bikoni zangu;
kuna kwangu, wanakoulizia wageni;
na kuna mwangu, humu, ninamovulia viatu na huzuni.
Manispaa inajua kupima pangu tu.

Mihayo alirudi Ijumaa, bila pikipiki, mvua ikimfukuza.
Akaingia. Hapakuwa na pa kusimama wawili,
akaketi kitandani, mgongo ukutani,
nikamkaangia karanga pale mlangoni.
Nilipogeuka alikuwa amelala,
mdomo wazi, kabrasha kifuani,
usingizi wa mtu mwenye nyumba ya vyumba vinne na mkopo.
Sikumwamsha. Mvua ilimwamsha ilipokatika.

Akajifuta uso, akaomba kalamu,
na palipoandikwa AINA YA JENGO akajaza: stoo.
"Stoo haina kima cha chini, mama."
Hakunitazama aliposema.
Chini yake kulikuwa na mstari mwingine:
vitu vitakavyohifadhiwa.
Huo aliuacha, akaondoka akikwepa madimbwi.

Nilikaa nao siku mbili.
Gunia? Mahindi? Nani atakagua?
Siku ya tatu nikaandika kwa mwandiko wa tiketi,
herufi zilizosimama, zisizofutika:
Kalunde Msabila. Mmoja. Kwenda tu.

X bado ipo.
Pale mistari inapokutana nimepigilia msumari,
natundika ungo.